Sampu Kavu Barabara ya Kilwa

Wanaomcheka jirani yangu hawajui uhandisi. Ameng'oa sampu ya kiwandani kwenye Subaru yake, akafunga mfumo wa sampu kavu: oili haikai tena chini ya injini, inafyonzwa na pampu za mkanda hadi kwenye tangi lake lililoko kwenye buti. Gari likikata kona kali kwa kasi, oili haikimbilii upande mmoja na kuiacha pampu ikimeza hewa. Ndiyo maana magari ya mashindano ya Le Mans yanao, na ndiyo maana ulihitajika haraka Mbagala saa 12 jioni, ambako kona kali kuliko zote ni ya kumkwepa muuza karanga.

Tena sampu nyembamba huruhusu injini kukaa chini zaidi. Yeye, mtu wa kanuni, ameshusha na gari zima. Matuta yamefurahi mno. Yanasalimiana nalo kila asubuhi, kwa sauti.

Hasara? Ndogondogo. Hela ya matairi imeishia kwa fundi, kwa hiyo yale manne yenye upara yataendelea kushika lami kwa imani. Mipira ya oili imeongezeka, na kila kiungio kinaweza kuvuja, lakini tone sakafuni si ushahidi kwamba oili ipo? Mkanda ukikatika, gari litasimama. Foleni nzima imesimama, nani atajua?

Mkewe ameuliza gunia la mchele litakaa wapi. Amejibiwa kitaalamu: mapajani.