Maji ya Chai, Maji ya Datsun

Baba mdogo alipofariki, alituachia Datsun 240Z ya mwaka 1972. Ujana wake wote ulikuwa mashindano ya magari ya Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda kwa gari la aina hiyo mwaka 1971, Shekhar Mehta akarudia mwaka 1973, na marehemu hakupumzika mpaka alipopata lake.

Nyumba yetu ya Ilala ina watu saba. Gari lina viti viwili. Siku liliposukumwa kuingia uani, mke wangu alihamisha kamba za kuanikia nguo bila kuombwa. "Ni la marehemu," akasema, "tukae nalo kwa heshima."

Wiki mbili nilishinda Shaurimoyo nikitafuta plagi, raba za breki na mipira ya rejeta. Usiku nikipiga breki rangi, watoto wakinishikia tochi. Kila kitu nilikiulizia, isipokuwa maji. Maji si yapo? Kisima kiko hapo hapo uani, nikachota, nikajaza.

Jumamosi nikampakia mama, tunakwenda harusini Kariakoo. Amevaa vitenge vipya, mkoba mapajani. Tulipokwama kwenye foleni ya Karume, mshale wa joto ukaanza kupanda, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Vijana wakatusaidia kulisukuma hadi kivulini. Nikashika kitambaa nikafungue mfuniko wa rejeta. Mama akanidaka mkono.

"Mwanangu, sufuria linalochemka hulifunulii usoni."

Tukasubiri karibu saa nzima. Harusi ikatupita. Mfuniko ulipofunguka, chini yake palikuwa na ukoko mweupe, mgumu, na maji yaliyobaki yalikuwa na rangi ya kutu. Mama akaukwangua kwa ukucha, akautazama.

"Huu si ndio ule wa ndoo za bafuni?"

Ndio wenyewe. Maji ya kisima chetu, kama ya visima vingi vya Dar es Salaam, yana chumvi. Tunafulia, tunaogea, lakini chai tunapikia maji ya kununua. Mama akaniuliza kwa upole, na swali hilo sijalisahau: "Chai hamuipi maji haya, gari la marehemu mmelipa?"

Fundi mzee tuliyemwita alimuunga mkono. Bloku ya injini ile ni chuma, lakini hedi yake ni aluminiamu, na chumvi huila aluminiamu taratibu. Ukoko nao huziba vijia vya rejeta. Joto likizidi, hedi inapinda na gasketi inaungua. Hedi yetu ilikuwa imenusurika. Akaisafisha rejeta, akatia kulanti na maji yasiyo na chumvi, kisha akanikalisha kwenye kigoda kama mwanafunzi.

Kabla ya kuwasha, tazama oili kwenye stiki na maji ya rejeta, injini ikiwa baridi. Tazama oili ya breki: ikipungua, huenda kuna mahali inavuja, usiongeze tu ukaondoka. Zile kabureta mbili zina vikombe vyake vya oili juu. Vikikauka, gari linakohoa ukikanyaga mafuta. Tairi usilisifu kwa kuwa si kipara. Soma tarakimu nne ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, maana mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Ukisikia harufu ya petroli, zima, utafute mpira uliopasuka kabla ya jambo jingine lolote.

Leo jikoni kwetu kuna ndoo mbili zenye vifuniko. Moja ya chai. Nyingine binti yangu ameiandika kwa rangi, DATSUN, na hakuna anayethubutu kuoshea vyombo maji yake. Kila Ijumaa jioni, tukitaka kutoka na gari, kabla sijapiga hodi chumbani kwa mama, yeye huuliza kutoka ndani:

"Gari limeshakunywa?"

Nikimjibu ndiyo, ndipo anapotafuta viatu vyake.