Namna ya Kuitwa Fundi wa Mtandao Bila Kusomea

Kila ukoo una mtu wake wa kuitwa waifai ikisumbua. Akifika anapishwa kiti, anamiminiwa chai kabla ya wengine, na hakuna anayemuuliza alisomea wapi. Nafasi hiyo inaweza kuwa yako kabla ya magharibi. Cheti hakihitajiki. Unahitaji uso wa mtu mwenye hakika, pamoja na njia za mkato ambazo mafundi wenye mikoba huzitumia wakija kwako.

Hatua ya kwanza: chomoa, subiri, chomeka

Chomoa waya wa umeme wa ruta kabisa, subiri nusu dakika, kisha chomeka. Wakati unasubiri usizungumze. Kodolea taa macho. Watu wa nyumbani watanyamaza pamoja nawe, na kimya hicho tayari kimekupandisha cheo. Wala huwadanganyi: ruta ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu finyu, na ikikaa miezi bila kuzimwa huanza kukwama. Ukipiga simu huduma kwa wateja, wataanza na hili hili.

Kama ni ruta ya faiba, tafuta taa yenye herufi LOS. Ikiwaka nyekundu, acha kabisa kuzima na kuwasha, kwa sababu mwanga haukifikii kifaa. Huenda waya umekatika huko nje, au umebanwa nyuma ya kabati lililosukumwa siku ya usafi. Ndani yake mna uzi wa kioo, na ukikunjwa kona kali mwanga huvuja. Sogeza kabati, uachie waya ukae kwa mviringo mpana, kisha tazama tena ile taa. Ikizimika, usieleze ulichofanya, pokea chai. Isipozimika, piga simu kwa kampuni useme, "LOS inawaka nyekundu, na ndani nimeshakagua." Sentensi hiyo itakupunguzia maswali mengi, na wanaokusikiliza sebuleni watadhani umefanya kazi huko.

Hatua ya pili: hamisha ruta

Hapa ndipo pana sifa zote, na ndipo watu wanapopoteza pesa zao bure, jambo linaloniuma. Ruta nyingi zimekaa pale waya wa fundi ulipoishia: pembeni, nyuma ya televisheni, chini ya rafu, jirani na friji. Mawimbi yake husambaa pande zote, kwa hiyo ruta ya pembeni inamhudumia jirani yako nusu kwa nusu. Ilete katikati ya nyumba, juu ya kabati, mahali pa wazi. Iepushe na vyuma, vioo vikubwa vya kujitazamia, na tangi la samaki, maana chuma na kioo hurudisha mawimbi na maji huyanywa.

Ukiwa kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, zenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, mara nyingi nene kama nusu mita, usishindane nazo. Pitisha waya hadi chumba cha mbali na ufunge kifaa cha pili cha waifai huko. Wale wanaouza vile vifaa vya kurudufu mawimbi watakwambia uchomeke chumbani kusikoshika. Usikubali. Kifaa hicho hurudia kile kinachokipata, na kikipata mawimbi dhaifu kitarudia udhaifu. Kiweke katikati ya njia, palipo bado na nguvu, ukijua kwamba kile cha bei rahisi hupokea na kutuma kwa masafa yale yale, hivyo kasi hupungua karibu nusu.

Hatua ya tatu: tumia majina mawili

Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, na kila aina unaweza kuipa jina lake. Ya 2.4 GHz hufika mbali na kupenya kuta, lakini yamejaa majirani, na oveni ya maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa hayo hayo. Ya 5 GHz yana kasi, ila ukuta huyachosha upesi. Televisheni na kompyuta zilizo karibu zipeleke kwenye 5, simu ya chumba cha mwisho iachie 2.4. Ukiwa unaishi kwenye maghorofa, ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani imeandikwa kwenye stika chini yake), na kwa 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu hazigongani. Ukishataja neno chaneli mbele ya shemeji, hataleta ubishi tena.

Hatua ya nne: mkamate mlaji

Mara nyingi anayekula intaneti hajui kwamba anakula. Binamu ametoka harusini na video za saa nzima, simu yake imeonja waifai, na inazipandisha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandishia ikijaa, hata kushusha kunakwama, kwa kuwa kila kitu unachopokea kinahitaji utume jibu dogo la kukiri. Kwa hiyo ukiona kurasa hazifunguki ghafla baada ya wageni kuingia, usiilaumu kampuni. Mwombe binamu asitishe hadi usiku wa manane.

Kama humjui mlaji, badilisha nenosiri kimyakimya. Wenye haki watakuja kuliuliza. Wengine utawasikia upande wa pili wa ukuta wakiulizana waifai imekuwaje.

Hatua ya tano: fanya hesabu wasiyoifanya

Kampuni inakuuzia 20 Mbps, kompyuta inaonyesha faili linashuka kwa MB 2.5 kila sekunde, na baba mkwe anasema tumeibiwa. Kampuni huhesabu kwa biti, kompyuta kwa baiti yenye biti 8, kwa hiyo gawa kwa 8, umpe jibu kwa upole: 20 gawanya kwa 8 ni 2.5. Hatujaibiwa, baba. Ila usipime kasi mara kwa mara ukiwa kwenye kifurushi cha simu, maana kipimo kimoja kwenye 4G nzuri kinaweza kumeza MB mia na zaidi.

Hatua ya sita: simu isiposhika

Washa hali ya ndege, hesabu hadi kumi, zima. Simu inalazimika kutafuta mnara upya, na mara nyingi ilikuwa imeng'ang'ania mnara wa mbali. Hii ni hila ya sekunde chache, na imewapa heshima watu wengi kwenye mabasi ya mikoani.

Usidanganywe na vile vijiti. Vinaonyesha nguvu ya mawimbi tu; foleni iliyopo kwenye mnara havionyeshi. Saa 2 hadi saa 4 usiku unaweza kuwa na vijiti vyote na usipate hata picha moja. Ukitaka kujua nguvu halisi ya mawimbi, kwenye simu nyingi za Android nenda Kuhusu simu, kisha hali ya laini, usome namba ya dBm. Kwenye 4G, -85 ni nzuri, -110 ni taabu. Toka chini ya bati uone inavyobadilika, kwani bati huzuia mawimbi kuliko watu wanavyodhani.

Ruta ya 4G ina sheria yake: yenyewe inataka dirisha linaloelekea mnara, hata kama si katikati ya nyumba. Zunguka nayo, dirisha hadi dirisha, ukipima. Ukiwa na bahati mbaya ya makazi, laini ya kampuni nyingine itakusaidia kuliko kifurushi kikubwa. Waulize majirani wanatumia ipi kabla ya kununua.

Hatua ya saba: jua siku isiyo yako

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu pamoja huko kusini, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna ruta ya kuhamisha. Fundi mzuri hukaa, anasema kwa sauti ya chini, "Ni waya wa baharini," na anaaminiwa.

Kabla hujamruhusu mtu yeyote nyumbani kulipia kifurushi kikubwa zaidi, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya na upime. Ukipata kasi mliyolipia, kampuni imetimiza sehemu yake, na shilingi ya ziada haitafika chumba cha nyuma. Hamisha ruta kwanza, hata kama ni leo usiku.