Tuisifu Injini Inayozima

Kila kitu cha pikipiki kimeshapata mtu wa kukisifu. Boxer inasifiwa kwa kunywa mafuta kidogo, TVS kwa kuvumilia mashimo, breki zinasifiwa kwenye mteremko, na honi inajisifu yenyewe kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho hakijaimbiwa hata mstari mmoja: ule wakati anayejifunza anaachia klachi, pikipiki inaruka hatua moja mbele, inatikisa kichwa, halafu kimya. Imezima. Nyuma yake daladala inapiga honi, na konda anachungulia dirishani kuuliza kama leo tunalala hapahapa. Waswahili tumeshasifu mnazi, jahazi na samaki wa kila namna. Sioni kwa nini injini iliyozima ikose wa kuisemea.

Sifa huanza na nasaba, na nasaba ya Kuzima ni ya heshima. Mwaka 1885, huko Cannstatt nchini Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ya petroli kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili, wakaongeza vigurudumu vidogo vya pembeni ili mpandaji asidondoke. (Ndiyo, waliobuni pikipiki wenyewe hawakuyaamini magurudumu mawili matupu.) Mwaka 1894 Hildebrand na Wolfmüller wa Munich wakatoa pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kwa umma. Hiyo haikuwa na klachi kabisa. Nondo zilitoka kwenye pistoni zikasukuma gurudumu la nyuma moja kwa moja, kwa mtindo wa garimoshi, hivyo gurudumu likisimama na injini imesimama. Bwana wa Munich akitaka kumsalimu jirani yake, lazima azime. Akitaka kuondoka, aisukume pikipiki akikimbia kando yake, kisha arukie kitini kabla haijamwacha. Nyingi za pikipiki za mkanda za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na tabia hiyohiyo. Kumbe basi Kuzima ndiye mke mkubwa katika nyumba hii. Klachi ni mke mdogo aliyeletwa baadaye, akapewa funguo za stoo na kuanza kujifanya ndiye mwenye nyumba.

Sasa tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Pikipiki ya cc 125 au 150 ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa moto, injini yake inazunguka mara 1,300 au 1,400 hivi kwa dakika. Hapo ina nguvu ya kujizungusha yenyewe na akiba kidogo sana. Kati ya injini na gurudumu kuna sahani za klachi, zimelowa oili, zimebanwa na springi. Ukivuta mkono wa klachi, sahani zinaachana na injini inazunguka peke yake. Ukiachia, zinabanana. Ila kuna mahali katikati, papana kwa kadiri ya unene wa penseli tu, ambapo sahani zinasuguana bila kushikana sawasawa. Mngurumo unakuwa mzito, na chuma kizima kinaanza kutaka kwenda. Madereva husema inaanza kushika. Dereva mzoefu anatulia hapo sekunde mbili bila hata kujua kwamba ametulia. Anayejifunza anapapita bila kupaona. Vidole vyake vinafunguka vyote kwa pamoja, sahani zinabanana ghafla, na vitu viwili vinakutana uso kwa uso: injini inayozunguka na gurudumu lisilotaka kuondoka. Lazima mmoja ashindwe. Injini, kwa ukarimu wake, inakubali kushindwa.

Fikirini ingekuwa na kiburi. Mtu aliyevuta moto mwingi kisha akaachia klachi kwa mkupuo hapati aibu ya kuzima, anapata safari. Pikipiki inachomoka, kiwiliwili kinabaki nyuma, na kwa kuwa mikono imeng'ang'ania usukani, kifundo cha mkono wa kulia kinajipinda na kuvuta moto zaidi. Kadiri anavyoogopa ndivyo anavyoongeza mbio. Miguu inaning'inia kotekote, breki ya mguu haijulikani tena iko upande gani, na mbele, kwa sababu ambazo wanasayansi hawajapata kuzieleza, daima kuna mama anayeuza maandazi. Wodi za mifupa zimejaa watu ambao injini zao hazikuzima.

Mwaka 2022 serikali ya Tanzania iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani ili wawafikie wakulima mashambani. Lilikuwa jambo la maana. Lakini afisa ugani ni mtu aliyesomea udongo, mbegu na viwavijeshi, na pikipiki huenda ameijua kwa kukaa nyuma tu, mkoba mapajani, akimwambia dereva apunguze mwendo. Nilimtazama mmoja wao, mama wa makamo, jioni moja kwenye uwanja wa shule ya msingi wilayani Kilosa. Pikipiki ilikuwa mpya, bado ina nailoni kwenye kiti. Mwalimu wake alikuwa kijana wa kijiweni aliyeazimwa kwa ahadi ya soda na nauli. Pembeni walikaa watoto waliokatizwa mpira wao, nao wamepata burudani iliyo bora zaidi.

"Mama, achia taratibu."

"Nimeachia taratibu, mwanangu. Yenyewe ndiyo haitaki."

"Umeachia yote, mama. Achia nusu."

"Nusu iko wapi?"

Kijana akanyamaza. Amebeba abiria miaka yote hiyo, amepita matope ya masika na mchanga wa kiangazi, na hajapata kuulizwa nusu iko wapi. Akachuchumaa, akauangalia mkono wa klachi kwanza, kisha akaziangalia bangili za mama, hakupata jibu. Mwisho akasema neno ambalo vitabu vya udereva vingefaa kulinukuu: "Izimishe tena, mama. Ukiizimisha tena utapaona."

Akaizimisha. Watoto wakashangilia kwa pamoja, "Imezimaaa!" Akaizimisha tena, wakashangilia tena. Hakuna mwalimu angeweza kupaeleza mahali pale kwa maneno. Kuzima kulimwonyesha, kwa kumkatalia kila mahali pengine. Jua likielekea kuzama pikipiki ikaondoka kwa utulivu, ikaukata uwanja kutoka goli hadi goli, mama amekaa wima, kitambaa cha kichwa kinapepea. Hapo ndipo ilipobainika kwamba hakuna aliyemfundisha kusimama. Mama hakuhangaika. Alikanyaga breki ya mguu bila kugusa klachi, injini ikakohoa, ikazima, na pikipiki ikatulia hatua moja kabla ya nguzo. Watoto walisimama kumpigia makofi.

Mtu atasema kwamba yapo mambo mengine yanayomzuia asiyejua asiingie barabarani. Yapi? Leseni ya daraja A ina fomu, foleni na ada, na mwenye subira ya foleni si lazima awe na subira ya klachi. Muuzaji akishahesabu noti zake anakupa ufunguo na kofia ngumu na kukutakia safari njema, bila kuuliza unaondokaje. Majirani ndio wabaya zaidi: wakikuona umekaa tu juu yake, imesimama kwa stendi, wanakuita dereva. Wote wanakuruhusu. Kuzima peke yake ndiko kunakokwambia bado. Kuzima hakupigiwi simu na mjomba wa mtu. Hakujawahi kupewa hela ya soda kukafumba macho. Mkuu wa wilaya akija na msafara wake, akaachia klachi kwa mkupuo, pikipiki itamzimia mbele ya msafara, na vivyo hivyo itamzimia kijana aliyekodi pikipiki ya mtu kwa hesabu ya siku. Sijui ofisi nyingine inayotoa huduma kwa usawa wa namna hiyo.

Wahandisi nao, kimyakimya, wamekiri. Pikipiki nyingi za kisasa zimewekewa swichi kwenye stendi ya pembeni: ukitia gia na stendi bado iko chini, injini inazima yenyewe. Watu waliosoma, wenye maabara na kompyuta, walikaa wakatafuta namna ya kumlinda mwendeshaji msahaulifu asibiruke kwenye kona ya kwanza, wakaishia kukopa tabia ambayo pikipiki za watu maskini zimekuwa zikitukanwa kwayo miaka yote.

Faida ndogondogo ziko tele, nazo nitazipitia mbio. Pikipiki ya kiki inapozima mara kwa mara, mguu wa kulia unapata mazoezi ambayo mjini watu wanayalipia kwa mwezi. Ukizima karibu na kijiwe, utapata ushauri wa bure kutoka kwa wanaume watano: mmoja anasema tia moto, wa pili punguza moto, wa tatu plagi imelowa, wa nne tatizo ni kabureta, na wa tano, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anakueleza jinsi yeye angefanya. Undugu wa aina hii huupati ukipita mbio. Tena Kuzima kunakagua kumbukumbu. Aliyesimama kwenye taa akiwa gia ya tatu, akasahau kushuka hadi ya kwanza, ataulizwa yuko gia gani mara tu taa ya kijani itakapowaka, mbele ya mashahidi.

Nisiseme uongo, mashitaka yapo, na moja ni zito. Ukizima katikati ya njia panda, lori la mchanga linakuja na dereva wake amezoea kupishwa, hapo hakuna cha kusifu. Watu huumia. Ila tuangalie nani wa kushitakiwa. Kuzima hakukuomba kupelekwa barabara kuu. Kulikuwa kunafanya kazi yake uwanjani, jioni kwa jioni, na kungeimaliza kama kungeachwa. Aliyekutoa Kuzima uwanjani kabla ya wakati ni yule aliyekwenda goli hadi goli mara moja, akapigiwa makofi, na kesho yake asubuhi akaamua kwenda kazini nayo. Kwangu mimi ushauri wote wa kuendesha pikipiki ungeweza kupunguzwa ukabaki huu: zima sana mahali pasipo na magari. Mengine, yaani kona, indiketa, mvua na abiria anayeegemea upande usiofaa, yatakuja na yatakuwa magumu, lakini yatamkuta mtu ambaye mkono wake wa kushoto umeshaacha kuhitaji kusimamiwa.

Maadui ni wengi na wana mitaji. Mwaka 1958 kampuni ya Honda huko Japani ilitoa Super Cub, pikipiki ndogo isiyo na mkono wa klachi. Ndani yake kuna klachi inayojibana yenyewe kadiri injini inavyoongeza mizunguko, na gia unabadilisha kwa mguu. Inasimuliwa kwamba Soichiro Honda alitaka kijana anayepeleka tambi za soba aweze kuendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ubebe sinia. Ilipofika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hapo pana watu wangapi waliojifunza bila kuzima, bila kushangiliwa na watoto, bila kuulizana na kijana wa kijiweni nusu iko wapi? Tambi zilifika zikiwa za moto, hilo sikatai.

Zimekuja na za umeme. Nairobi na Kigali zinapita kila dakika, na ukimuuliza dereva wake atakusifia betri, atakusifia kwamba hanunui oili, atakusifia kwamba haipigi kelele. Klachi hana, gia hana. Mota ya umeme inaweza kusimama tuli na bado ikawa tayari kuvuta kwa nguvu zake zote tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo hakuna cha kushindwa na hakuna cha kuzima. Kwa dereva mzoefu ni neema. Kwa anayeanza ni pikipiki inayosema ndiyo kwa kila kitu, pamoja na yale ambayo mkono wake umeyasema kwa woga.

Kwa hiyo nina ombi kwa watengenezaji wake, nalo si la gharama. Programu tayari wamezijaza humo ndani. Zinajua chaji imebaki kiasi gani, mwendo ni upi, hata pikipiki iko mtaa gani. Waongeze mistari michache tu. Katika mwezi wa kwanza wa mnunuzi mgeni, akivuta moto kwa pupa, pikipiki igome, izime, imlazimishe kuwasha upya. Akivuta kwa adabu, iende. Mwezi ukiisha, wamfungulie. Sauti ya watoto wanaoshangilia wanaweza kuiuza kando, kwa wale wanaojifunza usiku.