Sifa za Fundi Asiyerudi

Fundi mwema hahitaji wakili. Siku ya kubariki nyumba mchungaji humtaja kwa jina, mama mwenye nyumba humwekea sahani ya kwanza ya samaki, na kabla hajaosha mwiko wake watu wa mtaa wa pili wameshamshika mkono. Huyo hanihusu. Ninayemsimamia leo ni mwenzake: yule aliyepokea avansi Jumatatu, akachimba msingi Jumanne, na Jumatano akaitwa kwenye matanga huko Lweba, matanga ambayo mpaka leo hayajaanuliwa. Mtu huyu amejenga nusu ya mji wa Baraka. Nasema nusu kwa maana yake kamili: nusu ya nyumba hii, nusu ya ile, robo ya choo cha kanisa. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja wa shukrani.

Nianze na elimu, maana ndiko alikotufaa zaidi. Mwenye bahati mbaya ya kumpata fundi mwaminifu hubaki mjinga maisha yake yote. Anatoa pesa, anakwenda zake Uvira kwenye biashara, anarudi nyumba imesimama. Ukimwuliza ndani ya ukuta kumewekwa nini, anakutazama tu. Aliyepitia mikononi mwa fundi wetu ni injinia. Anajua kwamba mfuko wa simenti una kilo 50, na kwamba ulipoteremshwa kwenye boti la Kigoma au la Kalemie ulikuwa mzima. Anajua kwamba zege la msingi linataka simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, na kwamba fundi wetu, kwa ukarimu wake, huongeza mchanga hadi mfuko mmoja ukafanya kazi ya mitatu. Miwili inayobaki haipotei. Hutembea usiku, ikaenda kusimamisha ukuta katika parseli ya mtu mwingine. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kujisifu kwamba wamemjengea mtu wasiyemjua?

Akishahitimu hapo, mwanafunzi hufundishwa vipimo. Hukwaruza plasta kwa ufunguo, na ikimwagika unga anajua kwamba simenti ilisafiri. Hugonganisha tofali mbili: zikilia zimeiva, zikinyamaza zilitolewa tanuruni baada ya kuni kwisha. Hudai tofali zilowekwe kabla ya kupangwa, zisije zikanyonya maji ya udongo wa kuungia. Hudai pia zege linyeshewe asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kazi ambayo fundi wetu ameiachia mvua, na ikiwa ni Julai, basi ameiachia imani. Kilele cha elimu hii ni kuhesabu mifuko mitupu kila jioni, kwa sababu mfuko ulioondoka umejaa hauna njia ya kurudi mtupu. Lakini mwalimu mzuri naye haachi kujifunza: siku hizi huingia kazini asubuhi na mifuko mitupu ya kutoka shantie nyingine.

Halafu kuna ulimi wake. Msikilizeni anavyozungumza na mama mmoja muuza ndagala, aliyeweka dola zake moja moja tangu arudi kutoka ng’ambo.

“Mama, unataka vyumba vingapi?”

“Vitatu na saloni, fundi.”

“Vitatu! Mama mzima kama wewe, wageni wakija kutoka Kigoma utawalaza wapi? Tuweke vinne.”

“Pesa yangu ni ya vitatu, mwanangu.”

“Mama, pesa hufuata nyumba. Tukishaanza, Mungu mwenyewe anaona.”

“Na tutaingia lini?”

“Wiki tatu. Mvua ikituhurumia, mbili.”

“Yule fundi wa kwanza naye aliniambia hivyo hivyo.”

“Yule? Yule si fundi, Mama. Yule ni mtu wa vyoo.”

Sasa mlinganisheni na fundi mwaminifu. Angekuja na uso mkavu. Angechukua jembe kwanza aone udongo, angeuliza maji ya mvua yanapitia wapi kutoka mlimani, angeketi na daftari akaandika devi mpaka misumari. Kisha angetamka maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mama wa watu: “Pesa hii, Mama, inafikisha msingi na kuta mpaka kwenye linta. Tuishie hapo, tufunike, turudi mwakani.” Je, hayo ni mazungumzo? Hiyo ni taarifa ya msiba. Fundi wetu alimpa mama vyumba vinne kwa dakika moja, na usiku ule mama alilala katika vyote.

Wako wanaomsema kwamba hapimi. Timazi aliiuza, nivo aliiazima mtu, na lile bomba la plastiki la kujazia maji ili kusawazisha pembe nne za nyumba amewakatia watoto wachezee. Hupima kwa jicho. Wanaomcheka kwa hilo wamesahau historia ya maji yaliyo mbele yao. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke waliondoka Ujiji kwa mitumbwi kuitafuta ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Njiani wakapita Ubwari. Burton akaitazama rasi hiyo, ambayo mwenyeji yeyote angemwambia kwamba huingiwa kwa miguu kutoka bara, akaandika kuwa ni kisiwa. Nchi nzima ikakatwa kwa jicho! Na adhabu yake ikawa nini? Maji yaliyo kati ya Ubwari na Baraka yakaitwa Ghuba ya Burton, na ramani zinayaita hivyo mpaka leo. Kwa kipimo hicho, fundi wetu aliyeacha ukuta wa jikoni umeinama upana wa kiganja anastahili angalau mtaa mmoja uitwe kwa jina lake.

Na kutoonekana kwenye shantie? Hilo nalo lina wazee wake hapa Fizi. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa usiku kutoka Kigoma, akatua Kibamba na wenzake Wacuba, tayari kwa kazi. Mkubwa wa kazi alikuwa Laurent-Désiré Kabila, na mkubwa hakuwapo. Ukaja ujumbe kwamba yu njiani, ukaja mwingine. Julai akafika, akakaa siku chache, akarudi zake Kigoma. Novemba Wacuba wakafunga mizigo, wakavuka, kazi ikabaki kwenye msingi. Basi hesabuni wenyewe. Aliyeshinda kwenye shantie kila siku, akiugua homa milimani, aliuawa Bolivia mwaka 1967. Aliyekuwa akitarajiwa kesho aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri Mei 1997. (Tusifike kwenye mauti yake ya Januari 2001, leo tunasifu.) Mzazi wa Fizi anayemtafutia mwanawe mfano wa kuiga ana la kufikiria.

Hata ukuta usio na paa una hekima yake, na hapa mzaha wangu unapungua kidogo. Watu wa Fizi walikimbia vita mwaka 1996, wakakimbia tena kuanzia 1998, na wengi wakaishia katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, Tanzania. UNHCR ilipoanza kuwarudisha kwa meli mwaka 2005, wakateremkia Baraka, wengi walikuta majani mahali walipoacha nyumba. Na nyumba zilizovuliwa mapema ndizo zilizokuwa zimekamilika: bati hubebeka, mlango hubebeka, fremu ya dirisha hubebeka. Ukuta mtupu haumpi tamaa mwenye bunduki. Ndiyo maana bado mnaona tofali zimepangwa uani miaka na miaka, na mabati mapya yamefungwa chini ya kitanda cha shangazi, yakisubiri moyo utulie. Mtu aliyevuliwa nyumba mara mbili hujenga akiwa ameelekeza sikio mlimani. Fundi wetu anaijua hofu hiyo kuliko mchungaji. Ukimwuliza kwa nini mbao za paa zimeoza bila kupandishwa, anashusha pumzi: “Mzee, si unaona hali ya usalama?” Nani atabisha? Vita vimewaharibia watu wote kazi, ila yeye vimempa sababu isiyochuja.

Nisisahau msaada wake dhidi ya ziwa. Mzee mmoja alinunua parseli hatua chache kutoka majini, mahali pazuri pa kupungia upepo, akamlipa fundi wetu aanze mara moja. Fundi akachimba mtaro, akaenda Misisi kwenye dhahabu, akiahidi kurudi na pesa yake mwenyewe ya kuongezea pale avansi ilipopungua. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yakapanda yakaingia majumbani, Uvira, Kalemie, Bujumbura, na kwetu pia ufuo ukahama. Waliokuwa wamewapata mafundi wepesi wakawa wanapitisha magodoro madirishani. Mzee wetu hakupoteza kitu isipokuwa avansi na shimo. Fundi mwaminifu angewauliza wavuvi mapema maji yalifika wapi miaka ya 1960, na wangemwonyesha. Wenye kusoma wangeongeza kwamba katika miaka ya 1870 ziwa hili lilijaa mpaka likavunja kizuizi cha mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, likamwagikia upande wa mto Congo. Kwa hiyo ziwa huwa linarudi pale lilipokuwa, na katika hilo linamzidi fundi wetu.

Kuna sifa moja ninayoshindwa kuipamba. Tarehe 5 Desemba 2005 ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 6.8, kitovu kikiwa chini ya ziwa upande wa Kalemie, na huko Kalemie nyumba zikaporomoka. Sisi sote tunakaa juu ya bonde lilelile la ufa. Ukanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta juu ya milango na madirisha ndio unaozishika zote nne zisiachane. Fundi wetu huweka ubao wa mparachichi juu ya mlango, akapiga plasta juu yake, akaupaka chokaa. Nondo alizoletewa sijui ziko wapi. Tuendelee.

Sheria ipo. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, iliyoandikwa enzi za Mfalme Leopold, inamfunga mjenzi kwa miaka 10: akiwa amechukua jengo kwa bei ya jumla, likaanguka kwa ubovu wa ujenzi au hata wa udongo, ni juu yake. Fundi wetu hana ugomvi nayo. Anachosema ni kwamba sheria hutaka karatasi, na karatasi ni dharau kati ya watu wanaoheshimiana. Mletee daftari lenye majina ya mashahidi wawili, lililoandikwa kwamba pesa ya kazi italipwa vipande, kipande msingi ukiisha, kipande kwenye linta, kipande paa likikaa, na kwamba vifaa atanunua mwenye nyumba mwenyewe. Uso wake utakavyoanguka! “Mama, kumbe huniamini?” Na mama, aliyelelewa vizuri, analikunja daftari kwa aibu, anaingia ndani, anatoka na pesa yote mkononi. Miaka 10 si kitu kwa fundi wetu. Tatizo ni namba yake ya simu, ambayo haijawahi kufikisha msimu wa pili wa mvua.

Mtasema: basi yule mwaminifu atapatikanaje? Hajifichi. Si lazima awe amesoma Bukavu. Wengine walijifunzia tofali kambini, kwa kujenga na kubomoa vibanda vya wenzao. Ulizeni nyumba ambazo zimepita misimu ya mvua, si zile zilizopakwa rangi juzi, mkaongee na wenye nyumba fundi mwenyewe akiwa hayupo. Waulizeni pia vijana wanaombebea maji na udongo kama huwalipa Jumamosi, maana anayemdhulumu mchanganya udongo atamkumbuka vipi mwenye parseli? Tazameni kamba yake: fundi wa kweli hukasirika ukiikanyaga. Lakini nawaonya, ni mtu asiye na raha. Hunywa chai wakati wenzake wanatafuta lutuku. Husema “hapana” kabla hujamaliza swali. Hakubali kuanza Novemba. Ukimtajia binamu yako anayejua kujenga, hukunja daftari lake akakuaga kwa heshima.

Baba mmoja wa huku kwetu alimfuata mtu wa namna hiyo baada ya kuona nyumba aliyomjengea mwalimu jirani. Fundi akaja, akapima, akaandika, akamwambia bei ambayo haikumfurahisha, kisha akasema ana kazi mbili mbele yake na hawezi kumgusa mpaka Juni, udongo ukauke. Baba wa watu akaondoka amenuna. Atasubirije mpaka Juni, na mkwe wake ameshaambiwa kwamba nyumba inaanza? Akampigia simu fundi wetu. Fundi wetu alikuwa na nafasi siku ileile, kama alivyo siku zote. Aliomba tu atumiwe kwanza nauli ya motari.