Namna ya Kupokea Timu ya Misheni na Kubaki na Ukuta Ulionyooka

Barua pepe huingia mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Imeandikwa na kiongozi wa vijana wa kanisa fulani la Minnesota, na ina alama za mshangao nyingi kuliko nukta. Inasema Mungu ameiweka Tanzania mioyoni mwao. Watakuja vijana 14 na watu wazima watatu, kwa siku 12, mwezi wa saba, na wanauliza ni mradi gani wangeweza kuwafanyia.

Hapa ndipo sharika nyingi za huku mlimani Kilimanjaro huharibu mambo. Baraza la wazee hukaa, likaomba, kisha likajibu ukweli: tunahitaji mwalimu wa hesabu wa sekondari, walau kwa miaka miwili, na bomba la maji limekatika tangu masika. Wazee wangu, msijibu hivyo. Mwalimu wa hesabu hapigiki picha, na bomba likishafukiwa halionekani tena. Jibuni: ukuta.

Ukuta una sifa zote. Mwanzoni haupo, mwishoni upo, na katikati watu wanachafuka. Unaweza kusimama mbele yake ukiwa umekumbatiana na wenzako. Kama usharika hauhitaji ukuta mpya, tafuteni wa zamani upakwe rangi. Na kama timu ya mwaka jana iliupaka, kaeni kimya, rangi huchakaa.

Kisha itakuja bajeti, na mhasibu wenu atapiga hesabu ambayo hakuna aliyemtuma kuipiga. Msimu wa likizo, tiketi ya kutoka Minneapolis hadi KIA, kwenda na kurudi, si ajabu ikagusa dola 1,500. Zidisha kwa watu 17. Hizo ni dola 25,500, zaidi ya shilingi milioni 60, na bado hatujanunua hata brashi. Hatakuwa wa kwanza kushangaa. Mtafiti Kurt Ver Beek alizipima nyumba zilizojengwa Honduras baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Nyumba iliyojengwa na timu za kigeni, ukijumlisha na safari zao, ilifika kama dola 30,000. Shirika la Kikristo la wenyeji lilijenga yake kwa dola 2,000. Hesabu hii isitajwe mezani wageni wakiwa wanakula. Tena tusiwaonee: fedha hizo hazikuwa zetu wala hazikuwa njiani kuja kwetu. Zilichangwa kwa kuosha magari na kuuza tambi kwenye ukumbi wa kanisa, ili mtoto wa jirani aende Afrika. Mtoto huyo akibaki nyumbani, pesa hazitaenda kwenye bomba. Hazitachangwa kabisa. Hilo ndilo jibu lao, na mimi sijapata la kulipindua.

Habari ya viza semeni mapema. Viza ya kawaida ya matembezi hairuhusu kazi, hata ya kujitolea, na afisa uhamiaji hataki kujua kwamba zege ni la Bwana. Kibali kinachofaa kina bei yake. Kitafutwe kabla, siyo siku ambayo gari la uhamiaji limeshaegesha pembeni ya mchanga.

Waambieni pia walete masweta. Wameambiwa wanakuja Afrika, basi mabegi yamejaa losheni ya jua na kaptula. Machame mwezi wa saba, ukungu umekaa juu ya migomba mpaka saa nne, wataomba mablanketi ya mama mchungaji. Begi la pili la kila mmoja litakuwa na zawadi: miswaki, puto, penseli, na fulana za mashindano ya mbio za huko kwao. Pokeeni kwa mikono miwili. Fulana zinaijua njia ya soko la mitumba la Memorial zenyewe.

Sasa twende kwenye kazi, maana ndiyo inayohitaji akili nyingi.

Siku ya kwanza asubuhi fundi mkuu ajenge pembe zote nne kabla wageni hawajamaliza chai. Avute kamba, apime kwa timazi, aweke na pima maji mahali inapoonekana. Baada ya hapo vijana waruhusiwe kupanga tofali katikati, na kila mmoja apewe mwiko wake. Watapanga kwa moyo wote. Udongo utakuwa mzito hapa, mwepesi pale, tofali moja limetoka nje, jingine limeingia ndani, na kijana wa miaka 16 ambaye hajawahi kushika beleshi atasimama akiangalia kazi yake machozi yakimlenga. Fundi naye atakuwa anaangalia kazi hiyo hiyo, na machozi ni yale yale. Asiseme neno. Aseme “safi sana”, kisha saa kumi na mbili jioni, wageni wakishapanda kwenye basi dogo, arudi na wasaidizi wawili, abomoe mistari mitatu ya juu na kuijenga upya kabla saruji haijashika.

Msidhani nawatania. Mmarekani Pippa Biddle aliandika mwaka 2014 jinsi yeye na wanafunzi wenzake walivyokuja Tanzania kujenga maktaba kwenye kituo cha watoto yatima. Walijenga vibaya kiasi kwamba usiku wanaume wa pale walikuwa wakizitoa tofali na kuzipanga upya, ili asubuhi mabinti wakute ukuta umenyooka na wasijue. Ninachowashangaa wanaume wale ni uungwana wao. Posho ya kazi hiyo ya usiku iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwenye mstari wa “marekebisho madogo”.

Kuna kazi moja isiyodhuru: kupokezana tofali kwa mstari, mkono kwa mkono, kutoka kwenye lori hadi kwenye msingi. Inapendeza, wanaimba, hakuna kinachoharibika zaidi ya kucha. Tatizo lake ni watazamaji. Vijana wetu wa bodaboda watakuwa wamekaa juu ya pikipiki zao ng'ambo ya barabara. Wao wangeishusha shehena ile kwa saa moja, kwa malipo ya kibarua ambayo hayafiki hata bei ya chakula cha uwanja wa ndege. Waombeni kwa upole wakakae kijiwe kingine siku hizo. Wageni wakiwaona watauliza kwa nini vijana wa hapa hawapendi kujitolea.

Kuhusu watoto nitaacha utani kidogo. Huko wanakotoka, mtu hafundishi watoto shule ya Jumapili kabla hajachunguzwa kama aliwahi kushitakiwa, na makanisa mengi hayapigi picha ya mtoto bila karatasi iliyosainiwa na mzazi. Wakishuka KIA karatasi hizo zinayeyuka. Wanambeba mtoto yeyote, wanampiga picha, na kabla ya jioni watu 300 mtandaoni wasiomjua wameshasema ana macho mazuri. Wana kanuni nzuri tayari, basi waombeni tu wasiziache kwao. Na kama mna shaka kwamba wataelewa, mwambieni mzee wa kanisa amwombe kiongozi wao ruhusa ya kwenda kupiga picha na watoto wao wakati wa kifungua kinywa. Watafahamu upesi.

Mkipenda, wapeni somo la kusalimia. Watajifunza “shikamoo” na kuifurahia mno, na watampa kila mtoto wa miaka minne wanayekutana naye. Watoto nao, bila aibu, watajibu “marahaba”.

Jumapili ni siku yenu. Wageni wamezoea ibada ya saa moja, na sisi kwa saa moja tunakuwa hatujamaliza utambulisho. Kila mgeni asimame, aseme jina lake, apigiwe makofi ya kilo. Kwaya zote ziimbe, hata ile iliyokuwa na ugomvi. Risala isomwe na katibu wa vijana, kurasa tatu, yenye mafanikio, changamoto na maombi, na kwenye maombi ndipo muingize lile bomba kimyakimya. Mgeni akikabidhiwa risala ataikunja na kuiweka kwenye Biblia, asijue kwamba ameshapewa ankara.

Baadaye mmoja wao atatoa ushuhuda, na hapa kila kitu kiko mikononi mwa mkalimani. Msichague anayejua Kiingereza sana. Chagueni mwenye busara. Binti atasema kwamba mwaka uliopita alikuwa na wasiwasi mwingi, mpenzi wake alimwacha, mbwa wao akafa, na akaanza kwenda kwa mshauri wa saikolojia. Mkalimani mwenye busara atasema: “Dada anasema amepitia majaribu mengi.” Kanisa litaitikia kwa huruma ya kweli, na bibi mmoja wa kiti cha mbele aliyezika wanawe wawili atasimama na kwenda kumkumbatia. Binti atalia. Sijui kitu kingine katika siku zote 12 ambacho kinastahili kuitwa misheni kama hicho, na sina uhakika nani kati yao alikuwa mmisionari.

Kisha mnada. Baada ya ibada, nje, ndizi na mayai na jogoo mmoja. Mgeni atampandia dau jogoo hadi dola mia, ashinde, amshike kwa mikono iliyonyooka mbali na mwili wake, na kugundua kwamba hawezi kusafiri naye. Atamrudisha kama sadaka. Jogoo atanadiwa tena. Nimeona mtunza hazina akimtazama jogoo wa namna hiyo kwa upendo ambao mkewe hajawahi kuupata.

Wataondoka na sentensi moja ambayo wameileta ikiwa tayari imeandikwa: hawana chochote, lakini wana furaha sana. Iandalieni mazingira. Mzee akiwa amekaa kwenye benchi anawaza mahitaji ya mtoto wa kidato cha tano na bei ya kahawa, mwambieni atabasamu wageni wanapopita. Akiuliza sababu, mwambieni ndiyo kazi yake kwenye mradi.

Pengine mtauliza kwa nini waje kutuhubiria sisi. KKKT, kanisa letu, leo ina waumini wengi kuliko kanisa la Kilutheri la ELCA la huko kwao, ambalo lilipoundwa mwaka 1988 lilikuwa na zaidi ya milioni 5 na sasa halifiki milioni 3. Hata hivyo si adabu kumkumbusha mgeni kwamba paa la nyumba yake linavuja. Wala msianze kumlinganisha na wamisionari wa kale. Johannes Rebmann aliingia Mombasa mwaka 1846 na hakurudi Ulaya mpaka 1875, amekuwa kipofu, akisindikizwa na mwenyeji, Isaac Nyondo. Mwaka 1848 aliiona theluji ya mlima wetu huu, akaandika, na wanajiografia wa London wakamcheka. Hakuwa na simu ya kupiga picha. Vijana hawa wanapiga picha 40 za theluji hiyo hiyo kabla ya chai, na kila mtu anawaamini. Ndivyo dunia ilivyogawa mafungu.

Padri Ivan Illich aliwakabili wanafunzi wa Kimarekani kule Cuernavaca, Mexico, mwaka 1968, akawaambia waziwazi kwamba kama wanaipenda nchi ile waje kama watalii au wanafunzi, ila msaada wao wauache. Maneno makali, na nadhani mama mchungaji asingeyatamka hata akichapwa. Lakini siku mbili za mwisho, Tarangire na Ngorongoro, ndipo vijana hawa wanapokuwa huru kabisa: wanauliza, wanacheka, wanamsikiliza dereva wao anayejua jina la kila ndege. Hakuna anayemsaidia dereva kuendesha gari. Anaongoza, wanafuata, analipwa, wanajifunza. Laiti wangeanza na yeye.

Siku ya kuaga chinjeni mbuzi, ndafu iingie na nyimbo, na kila mgeni avishwe kitenge. Ahadi zitatolewa. Zichukulieni kama mvua za vuli: nyingine zinanyesha. Kuna watu wanaorudi kweli, miaka nenda rudi. Wakristo wa Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wana ushirikiano wanaouita Bega kwa Bega, na humo ndege haibebi abiria upande mmoja tu. Watu wa Iringa nao hupanda, wakaenda kuona hao wenzao wanaishije.

Hilo linanileta kwenye sehemu ya mwongozo ambayo baraza lisiiruke. Mjibuni kiongozi wao kwamba Mungu ameiweka Minnesota mioyoni mwenu. Vijana 14, siku 12, na mngependa kujua wana ukuta gani. Watafurahi kikweli, watatuma mwaliko. Kisha pandeni basi la alfajiri kwenda Dar, ubalozini, mkapange foleni. Afisa atauliza mnakwenda kufanya nini. Kupaka rangi kanisa. Huko hakuna mafundi rangi? Wapo. Kati yenu kuna fundi rangi? Hakuna, ila tumejitoa. Hapo msibishane naye. Mwonyesheni barua ya mwaliko, taarifa ya benki ya usharika, na karatasi za shamba la kahawa la babu kama ushahidi kwamba mtarudi, kila moja na nakala yake. Na zile dola 185 za ada ya viza kwa kila mwombaji zichangwe mapema kwa mnada, jogoo akiwa bado yupo, maana mkinyimwa hazirudishwi.