Huruma ya Benki

Benki za Uingereza zina huruma ya aina yake: mteja akiishiwa, ndipo zinapomtoza. Miaka ya 2000, kutumia pauni mbili tatu zaidi ya salio kuliweza kumgharimu mtu pauni 30 na ushei, na tozo hiyo ikamzamisha zaidi, ikazaa nyingine. Wateja wakachachamaa, wakadai warudishiwe makato ya miaka sita. Ajabu, benki nyingi zililipa kimyakimya kabla hakimu hajakaa kitini. Mwenye haki huwa na haraka hiyo?

Mwaka 2007 kesi ya mfano ikafunguliwa, madai mengine yakalazwa kabatini. Novemba 2009 majaji watano wa Mahakama ya Juu wakaamua kwa kauli moja: tozo hizo ni sehemu ya bei ya huduma, kwa hiyo haihojiwi kama zinalingana na kinachotolewa. Kumbe aliyefulia ndiye aliyekuwa akimlipia mwenye akaunti nono huduma za benki anazozipata “bure”! Angalau angeshukuriwa.

Aprili 2020 tozo za mkupuo za ovadrafti, yaani za kutumia zaidi ya salio, zikapigwa marufuku. Benki kubwa zikatii bila ubishi, zikapandisha riba ya ovadrafti hadi karibu asilimia 40.