Ukungu Nilioufuata Salalah

Nilipomwarifu shemeji yangu, mwezi wa Agosti mwaka jana, kwamba nimeazimia kutoka Maskati hadi Salalah, mwendo wa kilomita zipatazo 1,000 ambazo sehemu yake kubwa ni jangwa tupu, kwa dhamiri ya kwenda kupiga picha za ukungu, aliniuliza kwa adabu iliyotimia kama huko Unguja nilikozaliwa moshi wa kuni ulikuwa umekwisha. Sikumjibu, kwa sababu gari lilikuwa lake.

Lakini asiyeijua Dhofari, jimbo lenye mji huo wa Salalah, asiwe mwepesi wa kunicheka. Tangu mwishoni mwa Juni hata Septemba, wakati joto la Maskati lipitapo nyuzi 40 na maji ya tangi juu ya paa hayahitaji tena jiko, pwani ile ya kusini huingia katika msimu ambao wenyeji wake huuita kharifu. Upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni kutoka pwani yetu, huyasukuma maji ya juu ya bahari yakaepukana na ufuo, na maji ya baridi yakapanda kutoka vilindini kushika mahali pake; hewa yenye rutuba ya maji ipitayo juu ya baridi ile hupoa ikageuka ukungu, na ukungu nao, ukitaka kupaa, hukuta juu yake imetanda hewa kavu ya moto itokayo jangwa la Rub al-Khali kama kawa juu ya sinia, na mbele yake yamesimama majabali. Basi hauna pa kwenda. Hukaa pale pale ukinyunyiza, mpaka milima iliyokuwa mawe matupu ikavaa majani. Mjini kuna minazi na migomba, na madafu huuzwa kando ya njia. Ibn Battuta, aliyefika Dhofari katika karne ya 14 akitokea Kilwa, alisimulia habari za nazi za huko kwa kirefu. Mimi, mtoto wa minazini, nilichostaajabia ni bei yake.

Alfajiri ya kwanza tulishika njia ya Mughsail, kiasi cha kilomita 40 magharibi ya mji, ambako bahari imeutoboa mwamba kwa chini, na wimbi kubwa likipiga, maji huruka juu kupitia matunduni kwa mngurumo wa kutisha. Shemeji alikuwa amekifungulia kiyoyozi cha gari kwa nguvu zake zote njia nzima, hata kamera yangu ikawa baridi kama samaki wa barafuni. Nikateremka, nikaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, nikachungulia. Lahaula! Ukungu wa namna ile sijapata kuuona umrini mwangu: mzito, mweupe, umemeza bahari na mwamba na mbingu pamoja. Nilipiga picha 36 huku nikimhimidi Mola, mpaka shemeji aliponisogelea polepole, akanyoosha kidole, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake juu ya kioo cha lenzi.

Ulikuwa jasho la kamera. Ukiifuta hurudi, na hakuna hila ila kungoja mpaka chombo kipate joto la nje. Na katika nusu saa ile ya kungoja, ukungu wa kweli, uliokuwa mwembamba na mzuri juu ya maji, uliinuka ukaenda zake mlimani. Kumbe wajuzi huifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuitoa, ili jasho liushike mfuko. Mifuko tulikuwa nayo. Shemeji alikuwa ametilia halua.

Siku ya pili tuliufuata huko huko mlimani, nami safari hii nilikwenda na ilimu yangu. Kipima mwanga cha kamera kimefunzwa kudhani kuwa dunia, ukiichanganya, ni ya kijivu. Kikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza, na ukungu uliokuwa kama bafta ukatoka kama jivu la jikoni. Kwa hiyo niliongeza mwanga stopu moja na nusu. Lakini lenzi, kwa kukosa mstari wa kuushika, ilikwenda mbele ikarudi nyuma kama mtu atafutaye viatu vyake gizani mlangoni mwa msikiti. Ndipo alipotokeza ngamia, bila ya sauti, akasimama mbele yangu. Na kamera ile iliyokataa kuiona milima ikaziona mara moja tundu za pua yake.

Msiba mkubwa, hata hivyo, niliutengeneza mwenyewe nyumbani. Katika programu ya kusafishia picha mna kitelezi cha kuondoa ukungu. Nilikisogeza kidogo tu, kwa nia njema ya kuukoleza mlima. Mlima ukakolea. Nikasogeza tena, ukatokeza waya wa umeme. Nikasogeza tena, na ilipofika saa saba ya usiku nilikuwa na picha safi kabisa ya barabara, nguzo mbili, na gari la shemeji, mwenyewe amelala ndani mdomo wazi. Ukungu niliousafiria kilomita 2,000, kwenda na kurudi, nilikuwa nimeuondoa kwa kidole kimoja.

Nilikirudisha kitelezi kushoto, nikaipata picha moja niliyoiridhia, nikaipeleka kuchapishwa. Kijana wa dukani, wa asili ya kwetu, alinikabidhi bahasha kwa bashasha. “Ami,” akasema, “picha yako ilikuwa na weupe weupe. Nimekusafishia, wala usinilipe.”

Iliyotundikwa sebuleni kwetu leo ni ile ya pua. Mwaka huu Agosti inakaribia, mfuko wa plastiki nimekwisha nunua, na shemeji amesema gari lake bovu. Basi msomaji aliye na gari, likiwa halina kiyoyozi ndiyo bora zaidi, na anipashe habari.